Fungu la Puto

Mwaka wa tatu kisiwani Cherutti, Vilasini Kurup alikuwa amechoka uchovu ule usiotibika kwa usingizi. Kulala alilala, tena fofofo, lakini akiamka uchovu anaukuta umekaa ukingoni mwa kitanda unamsubiri. Chumvi ilikuwa imekula bawaba za milango na skrubu za mitambo, na sasa, alivyojiona mwenyewe kwenye kioo, ilikuwa imeanza kumla na yeye usoni. Wenzake aliosoma nao walikuwa bara, mjini Kochi, kwenye ofisi zenye viyoyozi, wakitia sahihi likizo za watu wengine.

Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza, ndiyo maana ilimuudhi zaidi kwamba ilikuwa haifanyiki. Kila mwaka mvua za msimu huvuka bahari kutoka kusini magharibi, hupiga visiwani kwanza, kisha hupanda bara, na huko bara hakuna asiyezingojea, awe mkulima au waziri. Vilasini alitaka kuunasa mgeuko wenyewe: hewa ya juu ikoje siku chache kabla msimu haujaingia, ikoje unapoingia, na ikoje ukishaingia, bila pengo katikati. Kwa hilo alirusha maputo. Puto hujazwa gesi, hufungiwa kisanduku cha vipimo, huachiwa. Linapopanda, kisanduku hutuma kwa redio habari za joto, unyevu na upepo wa kila tabaka, mpaka puto lipasuke huko juu na mabaki yaangukie baharini. Siku za kawaida lilirushwa moja tu, asubuhi. Mfululizo wa kuunasa mgeuko ukianza yanapaa manne, mchana na usiku, na hapo gesi inakwisha mtu akiitazama.

Mwaka wa kwanza mitungi ya gesi ilikwama bandarini, msimu ukaingia wao wa kituo cha hali ya hewa wakiutazama kwa macho matupu kama watu wengine. Mwaka wa pili Vilasini alitaka kuwa na hakika kwanza. Aliingoja hakika mpaka ikamlowesha, na alipoanza kurusha, mgeuko ulikuwa umeshapita. Mwaka huu meli ilileta gesi ya mfululizo mmoja tu na maputo machache ya ziada. Mkurugenzi, Dakta Shenoy, alimwambia kwenye simu kwa sauti ya upole, ile sauti ambayo wakubwa huitumia wakishaamua jambo, kwamba utafiti usipopata mfululizo kamili safari hii, kituo kitafungwa na mitambo itapelekwa kwingine. Hakusema Vilasini atapelekwa wapi.

Basi Mei ilimkuta akitazama mawingu kwa jicho la mtu anayedaiwa. Asubuhi alirusha puto lake moja, akasoma vipimo, akalinganisha na picha za setilaiti. Hesabu za kompyuta za Kochi zilisema wiki hii, na nyingine zilisema bado sana. Akianza mapema, gesi itaishia kwenye anga tupu, na akichelewa utakuwa mwaka jana umerudi. Jambo lilikuwa hilo tu, na lilimkaba usiku na mchana.

Mwenzake kituoni alikuwa Pothan, fundi wa mitambo kutoka Kottayam, mtu mnene mwenye masihara, ambaye alikuwa ameacha kunyoa ndevu tangu meli ya mwisho iondoke. Alisema hanyoi mpaka msimu uingie. Vilasini alimwambia kwa bahati yao anaweza kuzikwa nazo.

Chakula walikula kwa Kunhibi, jirani wa kituo. Nyumba ilikuwa yake, kama nyumba zote za kisiwani zilivyo za wanawake, na mashua kubwa iliyofungwa mbele ya nyumba ilikuwa ya nyumba. Nahodha wake alikuwa kaka yake, Attakoya, ambaye mchana alikula kwa dada na usiku alikwenda kulala kwa mkewe upande wa pili wa kijiji, kama wanaume wote wenye adabu zao. Kunhibi alikuwa mwanamke wa kusema. Uji wake wa mchele ulikuja na kipande cha jodari na malalamiko, na mwaka huu malalamiko yalikuwa makubwa kuliko kipande. Jodari walikuwa wamechelewa. Kapu la jodari mkavu, ambalo ndilo nyumba hula mvua zikifunga bahari, lilikuwa bado nusu.

"Redio inasema visiwani kutakuwa na mvua hapa na pale," alisema siku moja akimimina uji. "Hapa na pale ndiyo wapi, mwanangu? Mimi niko hapa. Pale sina haja napo."

"Ndivyo wanavyosema, mama," alijibu Vilasini.

"Na wewe unasemaje?"

Vilasini alikunywa uji. Alikuwa na sheria yake: kisiwani hatabiri. Watu walimuuliza dukani, walimuuliza njiani, hata imamu aliwahi kumuuliza kwa kuzungukazunguka, na wote aliwaambia wasikilize redio. Alijua watu wanaingia baharini kwa neno, na neno lake halikuwa na uzito wa kubeba roho ya mtu. Ndivyo alivyojieleza. Ukweli mwingine ni kwamba aliogopa kuchekwa.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kumuuliza ni Attakoya. Huyu alikuwa mfupi, mkavu, mdomo mwekundu kwa tambuu, na kijiji kizima kilimfuata yeye kwa jambo moja kubwa: siku ya kupandisha mashua. Msimu unapokaribia, mashua zote huvutwa juu ya magogo mpaka kwenye minazi, watu wote kwenye kamba moja, wake kwa waume. Kisha inasomwa fatiha, unaliwa wali, mashua zinafunikwa makuti, na mabaharia wanatawanyika kwenda kutafuta vibarua vingine. Mashua ikishafunikwa haifunuliwi mpaka msimu uishe. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila visiwa jirani vingecheka miaka kumi. Attakoya akipandisha ya kwake, jua halitui ila zote zimepanda. Walisema pua yake haijawahi kumdanganya, wala ya baba yake.

Vilasini, mtu wa tabaka za anga na hesabu, alianza kuiamini pua hiyo. Asingemwambia mtu, Shenoy ndiyo kabisa. Lakini kila asubuhi akitoka kurusha puto alipita njia ya ufukweni ambayo ilikuwa ndefu zaidi, akatupa jicho. Mashua ya Attakoya ikiwa majini, anapumua. Ikawa hivyo siku baada ya siku, mpaka akajikuta anaitazama mashua kabla ya kutazama mawingu. Attakoya naye kila asubuhi alikuwa pale, akifunga na kufungua kamba zisizohitaji kufungwa. Walipeana salamu za heshima, kila mmoja akaenda zake.

Wingu lililowaponza lilikuja siku ambayo Vilasini hakuwa na nguvu hata ya kuchana nywele. Lilisimama kusini magharibi tangu alfajiri, zito, na upepo ukaanza kutoka upande uleule. Kochi walipiga simu mara mbili. Hesabu zao sasa zilikubaliana nusu. Vipimo vya asubuhi vilikuwa na unyevu mwingi chini, lakini juu zaidi kulikuwa na tabaka kavu ambalo halikumpendeza. Msimu wa kweli hulowesha hewa mpaka juu kabisa, na upepo wake wa magharibi huwa mnene, umejaa tabaka nyingi. Huu ulikuwa mwembamba. Unaweza kunenepa kesho, alijiambia. Unaweza pia usinenepe.

Pothan alikuwa ametengeneza valvu ya mtungi mmoja iliyokuwa inavuja, akataka kuijaribu. Alikuwa na puto bovu lililokakamaa kwa joto, lisilofaa kwa vipimo, akauliza kama anaweza kulijaza kidogo na kuliachia, bila kisanduku, aone tu valvu inafungaje. Vilasini alisema sawa bila kuinua uso kwenye kompyuta. Ilikuwa adhuhuri. Puto likapaa jeupe mbele ya lile wingu jeusi, likaonekana kisiwa kizima, kisha likapasuka chini kuliko ilivyo kawaida. Valvu ilifunga vizuri, na hakuna mtu kituoni aliyelifikiria tena.

Kesho yake asubuhi alisikia kelele kabla hajafika ufukweni. Kamba ilikuwa imenyooka kutoka majini mpaka kwenye minazi na kijiji kizima kilikuwa juu yake, wakivuta na kuitikiana, watoto wakiteleza, wazee wakitoa amri ambazo hakuna aliyezisikia. Attakoya alisimama pembeni akilitazama gogo la mbele. Mashua yake ilikuwa imeshatoka majini na maji yalikuwa yakichuruzika ubavuni.

Moyo wa Vilasini ulitua. Hakuwa ameuona ukitua mwaka mzima. Alirudi kituoni akikimbia, akikanyaga upindo wa sari, akamkuta Pothan anapiga mswaki.

"Tunaanza," alisema.

"Kompyuta imesema?"

"Attakoya kapandisha."

Pothan alitema povu, akasema yeye ni fundi tu, akiambiwa jaza anajaza.

Mvua ilinyesha jioni hiyo, ikanyesha usiku, ikapiga bati mpaka wakawa wanasemeshana kwa ishara. Maputo yalipaa manne kwa siku, wao wakilala kwa zamu wakiwa na nguo mbichi. Walikuwa na furaha ya kichovu, ile ya watu wanaobeba jeneza zito na kuona kaburi limekaribia. Tatizo lilikuwa lile tabaka kavu. Kila puto liliporudisha vipimo, tabaka lilikuwa palepale, na badala ya kulowa lilikuwa linashuka. Vilasini aliliona. Siku ya pili Pothan naye aliliona, akauliza kwa adabu, bila masihara kwa mara ya kwanza, kama hawangesimama kidogo, wabakize gesi. Vilasini alitoka nje, akatazama ufukweni. Mashua zote zilikuwa chini ya makuti, zimefungwa kama maiti.

"Endelea," alisema.

Siku ya tatu jua lilitoka, anga likawa safi kama sahani iliyooshwa, na upepo ukafa. Bahari ililala. Setilaiti ilionyesha wingu lao limekwenda kumwagika Uarabuni huko. Mvua tapeli. Mtungi wa mwisho ulibaki na gesi ya puto moja zuri, na Vilasini akakaa chini kwenye saruji ya banda la maputo, mgongo kwenye mtungi, hata kulia hakuona faida yake. Alimpigia Shenoy mwenyewe kuliko kungoja. Shenoy hakufoka. Alisema puto hilo moja walitunze, walirushe siku msimu utakapoingia kweli, angalau apate pa kushikia akienda kuomba mwaka mwingine. Lilikuwa tumaini dogo la kuonea huruma, na Vilasini alilishika kwa mikono miwili.

Mchana huo Attakoya alipanda kituoni. Miaka mitatu hakuwa amekanyaga pale. Alisimama mlangoni mwa banda, dada yake nyuma yake na sufuria ya uji kichwani, maana Kunhibi hakuwa mtu wa kuacha ugomvi umpite.

"Daktari," alisema Attakoya, "msimu wako uko wapi?"

"Wangu?" Vilasini alinyanyuka polepole. "Aliyepandisha mashua ni wewe, kaka. Mimi nimekufuata wewe."

"Umenifuata mimi vipi?"

"Nilikuwa na wasiwasi. Nikaona umepandisha, nikajua basi, umeingia. Nikamaliza gesi yote."

Attakoya alimtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kutema tambuu. "Mimi nimepandisha kwa sababu umerusha puto adhuhuri," alisema. "Miaka mitatu hujarusha adhuhuri ila msimu ukiwa umeingia. Nikasema, kheri, Daktari kaona kitu."

Pothan, aliyekuwa anafunga mrija nyuma yao, aliachia mrija. "Lile lilikuwa la kujaribu valvu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Lilikuwa bovu. Hata kisanduku halikuwa nacho."

Kunhibi aliteremsha sufuria, akaiweka juu ya sanduku la vyombo vya watu bila kuomba ruhusa.

"Ngojeni nielewe," alisema. "Wewe unachungulia mashua yake. Yeye anachungulia puto lako. Kila siku mnapeana salamu pale ufukweni, hujambo sijambo, na hakuna aliyefungua mdomo. Sasa mimi kapu langu liko nusu kwa sababu watu wazima wawili mmeoneana haya."

"Dada," alisema Attakoya.

"Usinidadie. Pua ya baba. Pua gani hiyo inayonusa mpira?"

Attakoya alijibu akitazama nje, na ilionekana ni jambo alilolibeba siku nyingi. Alisema zamani alikuwa anajua, au alidhani anajua, wakati mwingine akipatia na wakati mwingine akikosea kidogo na watu wakisahau. Tangu maputo yaanze kupaa, akawa anayatazama kwanza, kidogo tu, kujihakikishia. Baadaye hakuwa na kingine cha kutazama. Vilasini alimsikiliza na kuona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, maana mtu yule alikuwa anasimulia habari za Vilasini mwenyewe.

Kilichofuata kilikuwa swali, na Attakoya alimwuliza ana kwa ana. Bahari ilikuwa shwari. Jodari walikuwa wanaruka nje ya mwamba unaokizunguka kisiwa, watoto waliwaona kutoka ufukweni. Kama atazirudisha mashua majini, mbele ya kijiji kizima na aibu yake yote, ana siku ngapi?

Vilasini alifungua mdomo kumwambia asikilize redio. Neno lilifika kwenye ulimi likakataa kutoka. Vipimo vya mwisho vilikuwa vya jana, na hewa ilikuwa imegeuka tangu hapo. Kutoka hapa alipo hakuweza kujua kama ule utulivu ni wa wiki au wa usiku mmoja. Kulikuwa na njia moja ya kujua, na ilikuwa nyuma ya mgongo wake, ndani ya mtungi wa mwisho.

Alilifikiria lile puto. Alifikiria siku msimu utakapoingia kweli, mstari mmoja wa vipimo kwenye karatasi ya Shenoy, mwaka mwingine wa kuombwa, chumvi, uchovu ukingoni mwa kitanda. Alilitaka puto hilo kwa roho yake yote. Akamtazama Kunhibi, aliyekuwa amekunja mikono kifuani akiungojea uongo.

"Pothan," alisema. "Lijaze."

"Bosi, hilo ndilo la Shenoy."

"Najua la nani. Lijaze."

Walilirusha wote wanne wakiwa nje, na Attakoya alitaka kulishika yeye akaambiwa alishike chini, si ubavuni. Likapanda. Vilasini aliketi kwenye kompyuta, na kwa mara ya kwanza tangu aje kisiwani alisoma kwa sauti, mistari ikija. Alimwambia hapa ndipo upepo umegeukia kaskazini magharibi, na ni mdogo. Hapa hewa imekauka, na hapa juu ni kavu zaidi, na kavu hivi hailowi kwa siku moja. Attakoya aliinama nyuma yake, harufu ya tambuu ikimjia shavuni, akauliza maswali mazuri na mengine ya kijinga, akajibiwa yote.

"Siku nne naweza kusimamia," alisema Vilasini mwishoni. "Ya tano kwa mashaka. Baada ya hapo sijui, kaka. Sijui kabisa, wala gesi ya kujua sina tena."

"Kwa nini hukutuambia hivi miaka yote?"

"Nikikosea mtakufa."

"Bahari ilituua kabla hujazaliwa," alisema Attakoya. "Hilo tuachie sisi. Wewe tuambie unachokiona tu."

Kuzirudisha mashua majini kulikuwa kugumu kuliko kuzipandisha, kwa sababu kuzipandisha hakuhitaji mtu kuomba. Attakoya alikwenda nyumba kwa nyumba. Wengine walimcheka waziwazi, wengine walimwambia fatiha imeshasomwa, mmoja aliuliza kama wali nao utaliwa tena. Alivumilia. Alasiri walikuwa kwenye kamba, na Vilasini na Pothan walikuwa mkiani mwake, Pothan akivuta na kuomboleza kiuno chake kwa sauti ya kusikika mpaka bara. Vilasini alivuta mpaka viganja vikachubuka. Mashua ilipogusa maji na kuinuka, alijisikia anataka kukaa pale pale mchangani asiondoke.

Jodari walikuja kama waliokuwa wanawangojea. Kila jioni mashua zilirudi zimezama nusu, wanawake walichemsha, wakafukiza moshi, wakaanika juu ya mapaa na mikeka, na kisiwa kizima kilinuka samaki mpaka Pothan akasema hata ndoto zake zina magamba. Kila asubuhi Attakoya alipita kituoni kabla ya kutoka. Hapakuwa na puto. Walitazama picha za setilaiti pamoja, wakatoka nje wakatazama wingu, Vilasini akasema anachokiona na Attakoya akasema anachokiona, mara nyingi havikufanana, na kila mmoja alikwenda zake akiwa na mashaka ya wawili badala ya ya mmoja.

Msimu uliingia siku ya sita, mchana, wala hakuna aliyeutabiri. Asubuhi Vilasini alikuwa amemwambia kwamba hapapendi kusini, na Attakoya alisema naye hapapendi, lakini atatoka mara moja tu arudi mapema. Alirudi na mawimbi nyuma yake. Mashua nyingine zilikuwa zimeshaingia. Ya kwake ilipita kwenye mwanya wa mwamba imelala ubavu, na watu walioshika kamba ufukweni waliisahau kamba mpaka mashua ilipotokea upande wa ndani ikiwa na watu wote. Waliivuta huku mvua ikiwapiga usoni. Attakoya alitoka majini akitetemeka, akamwambia Vilasini kwamba wasije wakasema ni pua. "Bahari imenipiga kofi, nikakimbia," alisema. "Andika hivyo."

Lakini Vilasini hakuwa na cha kuandika. Alirudi kwenye banda la maputo akiwa chapachapa. Upepo wa magharibi ulikuwa mnene sasa, aliusikia bila chombo chochote, ukilisukuma banda zima. Juu yake, tabaka kwa tabaka, ule mgeuko alioufuata miaka mitatu ulikuwa unatokea, na hapakuwa na kitu cha kuupima. Pothan alifungua valvu ya mtungi wa mwisho akasikiliza. Akaifunga tena taratibu. Ilikuwa imefunga vizuri sana, valvu ile.

Shenoy alipiga simu jioni. Aliuliza habari za puto, akaelezwa. Akauliza jambo moja, kwa ajili ya ripoti, alisema: ule mfululizo wa mwanzo, tabaka kavu likiwa wazi namna ile, ni nini hasa kilichomfanya aanze?

"Niliifuata mashua ya jirani," alisema Vilasini.

"Na mashua ilifuata nini?"

"Ilinifuata mimi."

Mvua ilipiga bati. Kwa upande wa pili alimsikia Shenoy akisema, kwa ile sauti ya upole, kwamba waanze kufungasha, na meli itawachukua bahari ikitulia. Vilasini alimshukuru. Alishangaa kuona hana hasira. Alikuwa amechoka, na alikuwa na huzuni, na aliona haya. Lakini kila alipojiuliza kama angelirusha tena lile puto la mwisho, jibu lilikuja lilelile bila kusita, na hilo ndilo lililomliza hatimaye, peke yake, akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa.

Kunhibi alimkuta hapo. Alikuwa amejifunika turubai kuanzia kichwani, na chini ya turubai alikuwa na kapu la makuti lililofumwa jipya. Alilitua mbele ya miguu ya Vilasini. Lilikuwa limejaa jodari mkavu, mweusi, mgumu kama kuni, amepangwa kwa ustadi kichwa kwa mkia.

"Mama, hawa ni wengi. Hiki ni chakula chenu cha mvua."

"Chetu kiko nyumbani, kapu limefurika. Hawa wamegawanywa jana pamoja na wengine." Kunhibi alikung'uta maji kwenye turubai. Kisiwani samaki hugawanywa kwa mafungu, fungu la mashua, fungu la nahodha, fungu la kila baharia aliyetoka, na mwenye fungu lake hawezi kulikataa, kulikataa ni kusema hakuwamo. "Attakoya ametaja mafungu mbele ya watu wote. Hili akasema ni la puto."

Vilasini alilitazama kapu.

"Wengine walicheka," alisema Kunhibi. "Akawaambia kama kuna mtu hapa aliyepanda juu zaidi ya hilo puto, aseme, achukue yeye. Hakuna aliyesema." Akavuta ndoo nyingine, akaketi, akapangusa uso. "Kula basi, unangoja nini? Na hilo lifundi lako lifikishie kipande. Liambie msimu umeingia, linyoe."